Agizo la Nne

Likuyani,
4 Machi 2025

Kwa Mwalimu Erastus Shikanga,

Salamu. Jina langu ni Chepkirui. Huenda umenisahau, kwa sababu ulipohama hapa nilikuwa darasa la saba. Mimi ni kitinda mimba wa Mama Chepkoech, jirani yako wa ng'ambo ya ua. Mama alitutoka Agosti mwaka jana.

Ninaandika kuhusu jiko. Akina mama wa kikundi chetu wameanza kutumia vile vitonge vinavyoshindiliwa kutokana na makapi ya miwa. Namalwa anatuletea magunia kwa lori kutoka huko kwenu. Mwezi uliopita nilinunua jiko lake, lile lenye sanduku juu linaloteremsha vitonge motoni vyenyewe. Ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi ya maagizo, na chini ya karatasi kuna jina lako. Nikamwuliza Namalwa kama ni yule Mwalimu aliyefundisha uchomeleaji katika chuo cha ufundi cha hapa. Akasema hajui ulikofundisha, anajua tu ni mzee mrefu wa Lurambi, hasikii simu, na anarekebisha watu Kiswahili hata wakiwa wamebeba gunia kichwani. Nikajua ni wewe.

Jumanne iliyopita moto ulipanda ukaingia kwenye sanduku la jiko langu. Hakuna aliyeumia, na hakuna kilichoungua isipokuwa jiko lenyewe. Lakini mimi nimezoea moto unaokaa mahali ulipowekwa. Naomba unieleze kwa maandishi moto unapandaje mpaka huko juu, unachukua muda gani, na mtu anayefika akiwa amechelewa anakuta nini. Wenzangu wanaogopa kuwasha majiko yao. Nitawasomea.

Namalwa amekubali kubeba barua.

Wako kwa heshima,
Chepkirui


Lurambi,
9 Machi 2025

Binti yangu Chepkirui,

Habari ya mama yako sikuwa nayo. Pole. Alikuwa akinipitishia maziwa juu ya ua kila asubuhi, kwenye kikombe cha bati cha bluu, na kila asubuhi alisema ni ng'ombe aliyenikumbuka, si yeye. Mke wangu Ayuma alifariki mwaka 2011, katika chumba hiki ninachoandikia. Labda habari hiyo nayo haikufika huko.

Sasa jiko. Hilo sanduku mafundi wanaliita hopa, kama ile ya kinu cha posho. Vitonge hushuka kwa uzito wao kupitia bomba fupi hadi kwenye chungu cha moto. Moto hufuata hewa. Ndiyo kanuni nzima. Mfuniko wa hopa ukifungwa sawasawa, juu hakuna hewa inayopita, kwa hiyo moto hauna sababu ya kupanda. Ukiacha mfuniko wazi, hopa inageuka bomba la moshi la pili. Hewa ya moto inavutwa juu kupitia kwenye vitonge, navyo vinaanza kufuka kimya kimya, bila ndimi za moto, kimoja kikikipa kingine.

Ziko njia nyingine. Majivu yakijaa kwenye chungu, moto huinuliwa hadi kwenye mdomo wa bomba. Vitonge vikipata unyevu huvimba na kukwama njiani, na vinavyokwama huungua hapo hapo vilipo. Kwa hiyo mwaga majivu kila asubuhi, weka gunia juu ya mbao na si sakafuni, chunguza kamba ya kuziba mfuniko kila mwezi. Na ukitoka nyumbani, hopa iwe tupu na moto uwe umekufa.

Umeuliza muda. Hopa iliyojaa, mfuniko ukiwa wazi, huchukua dakika arobaini hadi saa nzima kabla ya moshi mzito. Kwa kawaida mwenyewe huwa ameshaondoka. Akitazama nyuma kutoka mbali ataona nyumba inawaka ghafla, naye atadhani imewashwa dakika hiyo.

Anayefika amechelewa hukuta mlango umefungwa na moshi ndani. Akifungua, anaupa moto hewa uliyokuwa ukiikosa, nao humrukia. Ataungua mikono, pengine na uso, na hataokoa kitu. Afadhali afunge mlango, aondoe watu, amwage mchanga kama moto bado uko ndani ya jiko.

Niambie: mfuniko wako ulikuwa wazi? Majivu yalikuwa kiasi gani? Vitonge vilikuwa vikavu?

Na je, mkaratusi wa mpakani bado upo?

Wako,
E. Shikanga


Likuyani,
16 Machi 2025

Mwalimu,

Asante. Nimewasomea akina mama mara mbili. Mmoja amesema unaandika kama daktari anayezungumza na maiti, lakini wameelewa.

Mfuniko ulikuwa wazi. Majivu hayakuwapo, nilikuwa nimemwaga. Vitonge vilikuwa vikavu kabisa. Kutoka nilipowasha hadi moshi mzito zilikuwa dakika hamsini na mbili kwa saa ya simu yangu.

Mkaratusi ulikatwa. Shamba linalimwa mahindi na mtu wa kukodi. Msingi wa nyumba upo, wachunga ng'ombe hukaa juu yake kwa sababu mawe hushika joto.

Wenzangu wameuliza maswali mawili. La kwanza: je, magunzi ya mahindi yaliyokatwakatwa yanaweza kufanya kama vitonge? Nakumbuka ulikuwa na jiko la pipa lenye sanduku juu, ulilolitengeneza na kaka yangu Kipngeno alipokuwa mwanafunzi wako. La pili: ni kitu gani kinaweza kumfanya mtu mwenye akili zake aache mfuniko wazi halafu aondoke?

Namalwa anasema siku hizi anabeba barua kuliko posta, na kama mzee wa Lurambi ananitongoza niseme mapema, aanze kutoza stempu.

Chepkirui


Lurambi,
20 Machi 2025

Chepkirui,

Magunzi ni sawa na vitonge. Ni mabaya zaidi, kwa kuwa ni mepesi na yana nafasi katikati yake ya kupitisha hewa.

Mtu anaweza kuacha mfuniko wazi ili apate moshi mwingi. Desturi ya huko waijua. Mwenye nyumba akitoka, huacha moto jikoni ili moshi upenye paani, na wapita njia waone kwamba mna watu. Nyumba isiyotoa moshi huingiliwa. Mtu akiwa na haraka, na akiwa na jiko linalojilisha lenyewe, anaweza kuona ni busara kujaza hopa na kuondoa mfuniko, moshi udumu hadi arudi.

Hayo yanatosha kwa wenzako.

Kuhusu Kipngeno sina la kuandika. Niliyokuwa nayo niliyaandika polisi mwaka 2008.

E. Shikanga


Likuyani,
27 Machi 2025

Mwalimu,

Jiko langu halikushika moto lenyewe. Nililitoa nje, mbali na nyumba, nikalijaza mpaka juu, nikaondoa mfuniko, nikakaa kwenye kigoda na simu mkononi. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Kisha nilitaka kuona maelezo kwa mkono wako, ukiwa hujui ni nyumba ya nani unayoieleza. Nilikudanganya kwa kunyamaza. Nimeona ni lugha tunayoielewa sote wawili.

Mama aliniambia wiki mbili kabla hajafa. Asubuhi ile ya tarehe tatu Januari 2008, siku za vurugu za uchaguzi, mlipokuwa mnapakia lori, Mama Ayuma alikimbia hadi kwenye ua. Akamwambia Mama, "Nimeacha jiko linawaka, limejaa, na mzee ameondoa mfuniko. Uwe unachungulia." Mama aliogopa kutoka. Kulikuwa na vijana barabarani. Moshi ulipobadilika rangi ndipo alipomtuma Kipngeno na maji.

Wewe ulikuwa kwenye njia panda, juu ya lori. Ukaona nyumba inawaka na ukamwona Kipngeno anakimbilia mlangoni na mtungi wa manjano, kama ule wa petroli. Ukaandika ulichokiona. Hilo sikulaumu, hata mimi ningeandika. Polisi walipokuja wakamkuta na mkono umeungua hadi kwenye kiwiko. Hawakuhitaji kingine. Alikaa rumande miezi kumi na mmoja, akaachiliwa kwa kukosekana shahidi. Kuachiliwa namna hiyo unajua kulivyo. Hakuna aliyesema hakufanya. Walisema tu hakuna aliyekuja.

Ana miaka arobaini na moja sasa. Hakai mbele kanisani. Kwenye baraza husimama nyuma, karibu na baiskeli. Hayo alishayazoea. Lakini bintiye Jepkosgei amepata mchumba, kijana wa Wekesa wa Matete. Wekesa alikuwa nawe kwenye lori lile, na alisikia ulivyosema. Walikuwa waje kwa mazungumzo tarehe 26 Aprili. Wametuma neno kwamba msichana hawana neno naye, ila hawawezi kula katika nyumba ya mtu aliyechoma nyumba ya Mwalimu. Wakisikia vingine kutoka kinywani mwako watakuja. Wasiposikia, wamesema kijana atafute kwingine.

Sikuombi umsamehe Kipngeno. Hakuna cha kusamehe. Ninaomba umwambie Wekesa yale uliyoniandikia mimi tarehe tisa.

Nilipomwambia kaka yangu kwamba nimekuandikia, alikuwa anafunga ndama. Alisema, "Mwache mzee. Ameshazoea hivyo." Kisha akaendelea kufunga ndama.

Chepkirui


Likuyani,
12 Aprili 2025

Mwalimu,

Namalwa amepita kwako mara mbili na amerudi mikono mitupu. Anasema mara ya kwanza ulimwambia hakuna barua. Mara ya pili alikukuta umekaa mlangoni na kalamu, karatasi haina kitu, akakuuliza kama umeishiwa na wino, ukamjibu kwamba wino upo.

Zimebaki wiki mbili.

Chepkirui


Lurambi,
17 Aprili 2025

Chepkirui,

Ningependa kukuambia kwamba nililia niliposoma barua yako. Sikulia. Nilichemsha chai ikapoa, nikachemsha nyingine. Siku tatu nilifanya hivyo. Nimejaribu kutafuta ndani yangu mahali panapouma, nimekuta ni kama mguu uliolaliwa ukafa ganzi.

Kuna jambo moja huna. Wewe unadhani sikujua.

Ayuma aliniambia kambini, wiki ya tatu. Tulikuwa tumekaa nje ya hema, anachambua mchele wa msaada. Alisema, "Baba, lile jiko. Nadhani ni lile jiko. Na yule kijana nilimwachia mama yake maagizo." Nilimwambia asiseme maneno hayo tena. Hakuyasema. Aliishi nayo miaka mitatu karibu nami, akafa nayo. Hata siku ya mwisho, kitandani humu, alinitazama kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilifundisha vijana moto na chuma kwa miaka ishirini na mbili. Sikuhitaji kuambiwa. Nilijua tangu kwenye njia panda, kabla lori halijakata kona, kwa sababu moshi ulikuwa ukitokea paani upande wa jikoni, na mlango wa mbele ulikuwa bado mzima. Mtu anayechoma nyumba huanzia mlangoni au ukingoni mwa paa. Niliona hayo, na nikaona mtungi. Nikachagua mtungi.

Utauliza kwa nini. Nimekuwa nikijiuliza kwa utaratibu, kama ninavyokagua jiko. Nilikuwa nimeambiwa nihame na watu ambao sikuwajua, na nikahama. Hilo ni kweli na halitabadilika. Lakini wenzangu wengi walirudi mwaka ule ule, wakalima. Kama nyumba yangu ilichomwa, basi mimi ni mtu aliyefukuzwa na sina pa kurudi. Kama iliungua kwa mkono wangu, ningeweza kurudi mwezi wa Machi, nikajenga juu ya mawe yale yale, nikapokea maziwa juu ya ua. Ilibidi niwe mmoja wa hao wawili. Nikajaza fomu ya waliochomewa nyumba. Kisha fomu ikawa maisha. Watu wa hapa wananiita mkimbizi kwa heshima, kama vile wanavyoweza kumwita mtu mchungaji.

Ile karatasi ya maagizo niliiandika mwaka 2016. Agizo la nne linasema: usiache mfuniko wa hopa wazi, wala usiondoke nyumbani hopa ikiwa imejaa. Nililiandika nikijua linatoka wapi. Nilidhani ni njia ya kusema. Maelfu wamelisoma, na hakuna aliyesikia kitu, kwa sababu sikuweka kitu cha kusikika.

Juzi nilikwenda kituoni kuondoa maelezo yangu ya mwaka 2008. Askari alikuwa kijana wa umri wako. Akaniambia faili haipatikani, na kesi iliisha. Nikamwambia kwangu haijaisha. Akanitazama, akagonga muhuri kwenye nakala ya maelezo yangu mapya ili niondoke. Nakala hiyo nimeifunga humu. Mpe Wekesa aisome kwa sauti, yeye mwenyewe, kwa kuwa alinisikia nikisema lile la kwanza. Imeandikwa hivi:

"Mimi Erastus Shikanga nasema kwamba nyumba yangu ya Likuyani haikuchomwa na mtu. Iliungua kutokana na jiko nililolijaza magunzi na kuliacha wazi kwa mkono wangu. Kipngeno alikwenda na maji, akaungua akijaribu kuizima. Nimelijua hili tangu mwaka 2008, na nikalificha. Mke wangu alitaka kulisema, nami nikamkataza."

Sijaandika neno la kuomba radhi ndani yake. Nikiweka, Kipngeno atalazimika kujibu mbele ya wageni, na amejibu vya kutosha.

E. Shikanga


Likuyani,
28 Aprili 2025

Mwalimu,

Walikuja saa tano, watu tisa. Wekesa alikataa kiti mpaka asome. Nilimpa karatasi, akavaa miwani, akasoma polepole kwa sauti ya kanisani. Alipofika kwenye "nikalificha" alitua, akalirudia kimoyomoyo midomo ikicheza, kisha akamaliza.

Kuku alipita katikati ya viti na watu wote wakamtazama kuku. Kisha Wekesa akamwuliza Kipngeno, "Na wewe miaka yote hii ulikuwa unasema nini?"

Kipngeno akasema, "Nilisema mara moja, kituoni. Baadaye nikaona watu hupenda kuuliza, lakini hawakai kusikia."

Wekesa akavua miwani, akaketi. Walikula. Mazungumzo yaliendelea kama yanavyoendelea, na watani wa upande wao walisema ugali wetu ni mgumu kama mawe ya msingi wa Mwalimu, wakaona wamekosea. Kipngeno ndiye aliyecheka kwanza. Jepkosgei ataolewa Desemba.

Sasa nikuambie yaliyo magumu. Nilimwuliza kaka yangu kama unaweza kuja. Amesema usije kwanza. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema mvua haijatosha kupanda. Sitakuongezea wala kukupunguzia.

Jioni, wageni wakiwa wameondoka, alikwenda kwenye banda la ng'ombe, akarudi na kile kibati kinachofunika pipa la maji ya ndama. Nimekiona huko maisha yangu yote. Akakigeuza, nikaona mpini. Ni mfuniko wa jiko lako. Aliukata yeye kwa patasi alipokuwa chuoni, kutoka kwenye pipa la mafuta, na akauokota siku ile ukiwa umeegemezwa nje, kwenye ukuta wa tangi la maji. Haukuungua. Una masizi upande wa ndani peke yake. Alinieleza kwamba aliupeleka kituoni pia, lakini waliona ni chuma chakavu, wakamrudishia alipoachiliwa, pamoja na mkanda na viatu.

Amesema ni wako. Namalwa anauleta pamoja na barua hii. Anauliza kama sasa tumehama kwenye barua na kuingia kwenye mahari.

Chepkirui


Lurambi,
5 Mei 2025

Chepkirui,

Mfuniko umefika. Nimeupima: kipenyo ni inchi kumi na nne na nusu, na ukingo umekunjwa vizuri kote. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ilikuwa kazi safi, na nakumbuka sikumwambia. Nakumbuka pia nilipouegemeza kwenye tangi. Nilikuwa na haraka, lakini niliugeuza masizi yatazame ukutani, usimchafue Ayuma nguo akipita.

Nimeuweka mezani. Sina jiko la kufunikwa nao.

Sitakuja. Mwambie nimeelewa, na kwamba sitauliza tena. Akitaka, ataniita. Asipotaka, hilo nalo ni jibu.

Namalwa amesema karatasi za maagizo zimekwisha, na nyingine zitachapishwa mwisho wa mwezi. Nimeandika upya agizo la nne. Litakaa ndani ya kila hopa itakayouzwa kuanzia sasa, Likuyani, Matete na kwingineko, na atakayenunua jiko ataliona kabla hajalijaza mara ya kwanza. Naliandika hapa ili Kipngeno alisome kabla ya mchapaji:

"4. Usiache mfuniko wa hopa wazi jiko linapowaka, wala usiondoke nyumbani hopa ikiwa imejaa, hata kama unataka moshi uonekane. Nyumba ya mwandishi wa maagizo haya iliungua hivyo, Likuyani, Januari 2008. Mwandishi alimsingizia jirani yake, Kipngeno, ambaye alikuja na maji."

Kama hataki jina lake litajwe, alifute. Langu libaki. Nimemwambia mchapaji asianze hadi karatasi hii irudi kutoka kwenu, akaniuliza itachukua muda gani. Nimemjibu kwamba sijui, na kwamba asimharakishe mtu.

Erastus Shikanga